Ndila Hashuki Voi

Jumamosi Lewis angekuja kumchukua mama yake, amteremshe Voi kwenye nyumba ya kupanga yenye sakafu tambarare na geti la kufungwa. Kosa la Ndila? Ameanguka mara moja na mzigo wa nepia, majani ya ng'ombe, mgongoni. Mimi jirani yake, Zephaniah, nilipandwa na hasira. Hapa milimani Chawia nani hajawahi kuanguka?

Basi tukasikia kuna fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, jina lake Shanice, anafundisha wazee kujikinga na kuanguka, pale ukumbi wa kanisa. Mimi miradi naijua. Wa kuku ulikuja, tukapigwa picha, kuku wakafa. Mabomba yakaja, maji hayakuja. Lakini Ndila alinivuta mkono.

"Zefa, kasirika ukitembea. Nikisimama imara, Lewis atanipeleka Voi kwa sababu gani?"

Kwa heshima ya mgeni, akina mama walikuwa wamepaka sakafu nta nyekundu mpaka inang'aa. Nasi kwa heshima ya sakafu tukavua viatu mlangoni. Shanice akasema inukeni, inueni mguu mmoja. Wee! Safu nzima ya mbele iliteleza na soksi zake, watu wakakumbatiana ambao hawajasalimiana tangu uchaguzi.

"Vaeni viatu!" Shanice akapiga kelele.

"Tuikanyage na matope?" Risper, mkubwa wa usafi, akaruka. "Thubutu!"

Nikasimama, nimeshikilia kiti. "Nani hapa analima sakafuni? Tunaangukia shambani, mnatufundishia kwenye kioo!"

Nilitegemea Shanice anifukuze. Akachukua mkoba wake. "Mzee, nipelekeni huko mnakoangukia."

Tukamiminika nje, vicheko vimejaa njia nzima, hadi kwenye matuta ya Ndila. Shanice akamtazama akijitwika, ukanda kwenye paji la uso, akishuka moja kwa moja, kidevu kifuani.

"Nyanya, shuka upande upande. Mzigo punguza. Na ukianguka usikurupuke: geuka, piga magoti, shika kitu, ndipo uinuke."

Wiki nzima kilima kilikuwa sherehe. Risper alijiangusha makusudi kwenye nyasi, akainuka kwa makofi. Hata mimi nilipiga magoti kwa jambo lisilo sala.

Jumamosi Lewis akafika, viatu vya ofisi vinang'aa. "Mama, vitu viko wapi?"

"Subiri nilishe ng'ombe."

Ndila akashuka na mzigo wake, upande upande, sisi tumebana pumzi. Karibu na chini udongo ukakatika. Ndila chini! Lewis akachomoka, nikamdaka koti.

"Mwache!"

"Mzee, ni mama yangu!"

"Ndiyo sababu. Tazama!"

Ndila akavua ukanda kichwani. Akageuka pole pole. Magoti. Mkono kwenye jiwe la tuta. Mguu mmoja, wa pili, huyo wima, anapangusa leso! Vigelegele vilivyopasuka, nadhani Voi walisikia.

"Uliogopa nitaanguka," akamwambia mwanawe. "Nimeanguka. Sasa?"

Lewis akafuta macho. Kisha akacheka. "Sasa nitafanya nini, Mama? Baki. Lakini hii njia ni mbaya."

"Jembe liko nyuma ya jiko."

Akakunja suruali, akaanza kuchonga ngazi kwenye udongo, jasho linamtiririka, wazee wote wamemzunguka wakimsimamia.

"Pana zaidi, wewe!" Risper akamfokea. "Unatuchimbia ngazi ama kaburi?"