Wamenikatia Remisión

Nilipopewa habari njema kuliko zote maishani mwangu, nilirudi nyumbani nikaanza kugawa vyombo.

Wa kulaumiwa ni daktari. Binti wa Bogotá, wale wanaoongea taratibu kana kwamba kuna mtoto mchanga amelala chumba cha pili. Aliitazama picha yangu kwenye kompyuta, akaigeuza huku, akaigeuza kule, halafu akatabasamu meno yote nje. Mimi daktari anayetabasamu simwamini. Hata yule wa kwanza, aliyenigundua uvimbe shingoni, alitabasamu hivyo hivyo: "Tutakata kidogo tu tuangalie, mama." Hicho kidogo kikazaa saratani ya tezi za limfu, na saratani ikazaa mwaka mzima wa kumiminiwa dawa mshipani mpaka nyusi zikanikimbia.

"Mama Delfa," akasema, "uko kwenye remisión! Tuonane baada ya miezi mitatu."

Simu yake ikalia, akanipigapiga begani, huyo akatoka. Nikabaki natazamana na kiti chake.

Sasa, kwetu pwani ya Kolombia hata kuku anajua remisión ni nini. Ni rufaa. Ukiwashinda madaktari wa hapa kwetu Lorica, wanakukatia remisión ya Montería. Ukiwashinda wa Montería, wanakukatia ya Medellín au Bogotá, huko juu kwenye baridi, na mtu wetu akipelekwa huko huenda amekaa, hurudi amelala. Jirani yetu Tulio alikatiwa. Alitupungia mkono kwenye dirisha la gari la wagonjwa utadhani anakwenda harusini. Tulimpokea na mishumaa.

Mume wangu Eligio alikuwa ukumbini ameshika vikombe viwili vya kahawa.

"Kasemaje?"

"Wamenikatia remisión."

Kahawa ikammwagikia kiatuni, na hata hakuruka.

"Ya wapi?"

"Hakusema. Kasema miezi mitatu."

"Miezi mitatu ndiyo foleni, au ndiyo..." Akaninyooshea kikombe kimoja. "Basi kunywa kahawa, mama."

Tukarudi Lorica, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho.

Tangu siku hiyo nikaanza kumchunguza kila mtu. Kwanza simu. Mtu akikatiwa remisión, hupigiwa simu aambiwe kitanda kimepatikana. Yangu haikulia. Nikasema, aha, wamekubaliana nifie nyumbani, ni rahisi kwao. Pili, mwili wenyewe. Nilikuwa najisikia vizuri, na hilo ndilo lililonitia shaka zaidi. Nywele zinaota, mchuzi wa viazi vikuu na jibini namaliza bakuli na kulamba kijiko. Mshumaa nao, kabla haujazimika, si huwaka vizuri? Kila asubuhi nilikuwa najipapasa shingo kama mwenye duka anayejaribu kufuli.

Lakini aliyenimaliza ni Eligio. Miaka yote ya ndoa yetu, kichwa cha samaki ni chake. Si jambo la kujadiliwa. Jumapili iliyofuata akakichukua kichwa cha bocachico, akakiweka kwenye sahani yangu, akainamisha macho.

"Wewe Eligio. Nini hiki?"

"Kichwa."

"Nakiona ni kichwa. Kimekuja kufanya nini kwangu?"

"Kula tu, bibie. Kina nguvu."

Mwanamume wa Lorica akikuachia kichwa cha samaki, ujue ameshaongea na fundi wa majeneza. Nilikila chote, hata macho. Nife, sawa, lakini nife nimeshiba.

Halafu kulikuwa na wifi yangu Nubia, dada yake Eligio. Alikuwa anakuja kila alasiri na supu, anakaa jikoni, na macho yake hayatulii kwangu, yanatulia ukutani, nilikotundika karai langu. Karai hilo la chuma ni la mama yangu. Ndani yake nimekaanga arepa za yai, vile vimkate vyetu vya unga wa mahindi, pembeni mwa soko, mgongo wangu ukiangalia mto, tangu nikiwa msichana. Mahali pale pananijua na wateja wananijua. Bila karai lile mimi ni mwanamke mnene tu aliyesimama njiani.

"Wifi," nikamwambia siku moja, kumtega, "nikiondoka, lile karai na pale mahali pangu sokoni, chukua wewe."

Mtu mwenye adabu zake angesema, jamani usiseme hivyo, utapona. Nubia akaweka bakuli chini.

"Na mfuniko?"

"Na mfuniko."

"Basi nianze nalo leo, wifi, lisije likashika kutu."

Akalibeba kichwani, akatoka nalo mchana kweupe. Ukutani ikabaki duara nyeusi. Niliitazama wiki nzima ile duara, mpaka nikakasirika. Kama nakwenda, nijue nakwenda. Kukaa tu kama mzigo stendi, haujulikani ni wa nani wala unakwenda wapi, hapana.

"Twende Montería," nikamwambia Eligio. "Tukamuulize yule binti kitanda changu kiko wapi."

"Si alisema miezi mitatu? Tusubiri."

"Unasubiri nini wewe? Unaogopa nini?"

Akaenda kuvaa shati.

Daktari alitushangaa, maana hatukuwa na ahadi naye. Sikumpa nafasi ya kutabasamu.

"Binti yangu, mimi ni mtu mzima. Mbona hamnipeleki?"

"Nikupeleke wapi, mama?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyenikatia remisión!"

Akanitazama, akamtazama Eligio, halafu akajipiga kofi kwenye paji la uso, akaonekana mtoto mdogo kabisa.

"Mungu wangu! Mama Delfa, si remisión ya kukupeleka. Ni remisión ya ugonjwa. Ugonjwa ndio ulioondoka! Picha ni safi, sioni kitu."

Eligio alitoa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, kama mlango wa zamani. Mimi sikulia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi niliona ung'ongo ndani ya sentensi ile.

"Kwa hiyo nimepona."

Akaacha kunitazama, akaitazama kompyuta. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

"Sikusema umepona," akasema polepole.

"Sasa umesema nini?"

"Nimesema hatuuoni. Huenda haupo kabisa. Huenda umebaki kidogo sana, mashine yetu haiwezi kuuona. Ndiyo maana utakuja kila miezi mitatu, tuangalie. Ikipita miaka mitano kimya, nitathubutu kutumia lile neno lako."

"Ugonjwa utarudi?"

"Sijui, mama."

"Umesoma miaka yote hiyo uje uniambie hujui?"

"Ndiyo," akasema. "Nikikuambia najua, usiniamini."

Hapo akanipata. Kwa mara ya kwanza nikamwamini, na nikatamani angenidanganya. Maana nilielewa vizuri sana: mpangaji mbaya amehama, lakini ufunguo hajarudisha.

Kwenye basi la kurudi, Eligio alimtangazia kila abiria. Mke wangu kapona! Mwanamke mmoja akanipa embe. Nikamfinya paja: "Daktari hakusema hivyo."

"Alisema kwa Kibogotá," akanijibu. "Mimi nimekitafsiri."

Tulishukia sokoni. Nubia alikuwa pale pale pangu, ameupa mto mgongo, karai langu likichemka mbele yake, na foleni. Foleni! Nilisimama nikamwambia yote kama daktari alivyoyasema, bila kuongeza chumvi. Akashangilia, akanikumbatia kwa mikono yenye unga. Lakini alipomaliza kunikumbatia hakusogea.

"Sasa wifi," akasema, "kwa nini usipumzike? Daktari anasema hajui. Subiri hiyo miezi mitatu. Picha ikiwa safi, urudi."

"Na baada ya hiyo miezi mitatu?"

"Tutaona picha nyingine."

"Na baada ya hiyo?"

"Wifi, mimi nakuonea huruma tu. Ukianza halafu ukirudi kule kwenye dawa, itakuwaje? Wateja hawapendi kuzoeshwa na kuachwa."

Sikujua kama ni huruma au ni karai, na sijajua mpaka leo. Kibaya zaidi, alikuwa na hoja. Nilijiona nimekaa uani mwangu, miezi mitatu, halafu mitatu, halafu mitatu, najaribu kufuli ya shingo, duara nyeusi ukutani ikinitazama. Nikipona, nitakuwa nimepona nikiwa kitini. Nikifa, vile vile.

"Nubia. Sogea."

"Wifi..."

"Sogea, mama, mafuta yanaungua. Kama unataka kukata vitunguu, kisu kile pale. Karai ni langu."

Alinuna, akachukua kisu. Bado anacho, na bado sijui anasubiri nini.

Nikakanda, nikatanua, nikatumbukiza. Arepa ikavimba. Nikaitoa, nikaipasua ubavuni, nikamimina yai ndani, nikaziba tundu kwa unga. Hapa ndipo penyewe, anayekaanga anapajua: unairudisha kwenye mafuta ya moto, na huwezi kujua kama umeziba sawasawa. Nyingine hutulia. Nyingine hupasuka, zikakurushia mafuta usoni.

"Itapasuka?" akauliza Eligio, aliyekuwa amesimama karibu mno na embe langu mkononi.

"Sijui," nikasema. "Rudi nyuma kidogo."

Nikaiachia, uso nimeugeuza upande, jicho moja wazi.