Panya wa Baba

Panya alijilaza kwenye mizani akatulia, kama mteja aliyezoea duka. Mkuu wa maabara alisoma uzito, akausoma tena, akacheka peke yake.

"Ameongezeka," alisema. "Huyu dawa imemkubali."

Binti aliyeshika kizimba, msaidizi wake, alimrudisha panya ndani. Tumboni mwa panya yule kilipandikizwa kipande cha saratani iliyotolewa tumboni mwa baba yake mzazi, ili dawa mpya ijaribiwe huko kwanza. Ikimfaa panya, baba naye angeanza kuitumia. Kanuni ilikuwa wazi: panya akikonda kupita kiasi, anachomwa sindano ya kumpumzisha milele. Na huyu alikuwa amebaki mifupa. Basi binti akawa anamlowekea chakula kwa siri, akimlisha kwa ncha ya kidole, huku panya wengine wakiguguna chakula kikavu. Alijiambia ni huruma. Uongo mtupu, aliogopa kumwona baba yake akitiwa kwenye mfuko wa taka za maabara.

Sasa mizani imeisoma huruma yake kama dawa. Angesema palepale, yangekwisha. Lakini mkuu alikuwa ameshatoa simu.

Nyumbani alimkuta baba mezani, shati linampwaya. Siku zote hizo alikuwa akigusa chakula kwa heshima ya mpishi tu. Leo bakuli la supu lilikuwa tupu.

"Mkubwa wako kanipigia," baba alisema. "Eti pacha wangu kanenepa. Nikaona aibu kushindwa na panya."

Binti alijikuta anacheka, kisha akaikumbuka dawa. Dawa ile ilikuwa kali. Isipomfaa, ingemmaliza baba kabla ya ugonjwa wenyewe.

"Baba, yule panya..."

"Niongezee kwanza, mwanangu."

"Nisikilize, baba. Hakunenepa kwa dawa. Nilikuwa namlisha mimi."

Baba alikiweka kijiko chini. Tabasamu lilimtoka taratibu, na uso ukarudi kuwa wa mgonjwa.

"Unamlisha kwa mkono?"

"Kwa kidole."

"Na anakula?"

"Anakula."

Baba alishusha pumzi. "Kesho umwambie mkubwa wako," alisema, akilisogeza bakuli upande wa binti yake. "Leo niongezee."