Haifunguki, Inachapishwa Tu

...na sasa anaigeuza flashi yangu huku na huku kama mtu anayekagua embe sokoni, badala ya kuichomeka tu tumalizane, mimi nimesimama kwa sababu nikikaa itaonekana nimekuja kutembea, na sikuja kutembea, nimekuja kuchapisha, karatasi chache, basi, niende zangu, kesho mtoto anaolewa, mapazia hayajatundikwa, viti havijafika, na mimi niko hapa ofisini kwa aliyekuwa mume wangu, mahali nilipoapa sitakanyaga hata kwa dawa, "Kaa basi, mama bibi harusi," anasema, na hilo jina analitamka kwa kicheko chake kilekile cha puani, nasema niko sawa, chomeka hicho kitu, anachomeka, kompyuta inafikiri, naye anafikiri, Mungu wangu, wote wawili wanafikiri... "Ulianzia wapi?" ananiuliza, kwani nimemwambia nilianzia mahali?, ndiyo shida ya kuishi na mtu, anakujua hata mkishaachana, nilianzia duka la fotokopi pale kona, yule dada akabofya na mashine ikaanza kutapika, mabano, nyota, alama za asilimia, herufi zimepandana kama watu wanaogombania mlango, karatasi juu ya karatasi, mpaka akachomoa waya ukutani, "Dada, faili hii imetengenezwa kwa printa nyingine, tafuta printa kama ya nyumbani kwenu," ya nyumbani kwetu!, ile iliyoungua umeme uliporudi kwa kishindo, na pacha wake mimi ninayemjua yuko mmoja tu, yuko hapa, huyu bwana alinunua mbili siku moja, moja ya ofisi, moja ya nyumba, enzi hizo nyumba ikiwa yetu... na yote haya ni Baba, Baba na ukaidi wake, kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na ulimi, kikamwachia kichwa kizima, kiharusi, harusi, sijui nani aliyazaa maneno haya tumbo moja, kusema hawezi lakini hotuba ya mjukuu wake lazima iwepo, akakaa kwenye kompyuta na kidole kimoja cha kushoto, tak... tak... kama bomba linalovuja, nikikaribia anafunika kioo kwa kiganja, nikasema Baba nionyeshe nikusaidie, akatikisa kichwa, nikasema Baba, angalau nirekebishe herufi, akatikisa kichwa, printa ilipoungua nikadhani sasa ataniita, hakuniita, akahangaika peke yake mchana kutwa, kisha akanitia flashi mkononi na kunionyesha rundo la karatasi tupu, yaani kachapishe, nami nimeibofya faili hiyo mpaka kidole kimeniuma, haifunguki, na ile aliyoiandika mwanzo nimeitafuta kila kona, ameifuta, mzee ameifuta!... "Haifunguki hii," anasema, najua haifunguki, hilo ndilo limenileta, "sikiliza, hii si barua ya kufungua, hiki ni chakula kimeshaiva, hakiongezwi chumvi wala hakipunguzwi, unakipeleka kwa printa inakipakua, kama kilivyo," anaeleza polepole, alivyokuwa akinieleza gia za gari, nami nikitamani kumrushia kitu, "printa yenyewe imefungwa kwenye kompyuta ya mhasibu, inabidi niirushe huko kupitia hii yangu," anafungua dirisha jeusi, anaandika amri, anakosea, anafuta, anakosea tena, kompyuta inasema haijui njia hiyo, anaukemea ukuta, "Mhasibu! Washa printa!" na ukuta unajibu kwa sauti ya kike, "Imewaka bosi, inalia karatasi!" "Basi si uipe!" ...sasa nitaipitiaje kwanza, maana hapo ndipo pananichoma, nilitaka niione, nikate pa kukata, Baba bado anamwita huyu bwana mkwe wangu, yaani alimwita, alipokuwa na sauti, na bado wanacheza drafti kila Jumapili kama hakukuwa na talaka, kesho kwa hotuba hii atasimamisha ukumbi mzima asikitike kuhusu sisi, mbele ya wakwe wapya, na msomaji ni mimi, midomo ni yangu, nitasoma nini, nitameza nini, hakiongezwi wala hakipunguzwi... "Mzee mjanja," anasema, macho kwenye kioo, "angeweza kukupa ile ya kawaida, akachagua hii," hakuchagua, nasema, alikosea kubofya, "Yule? Aliyenifundisha mimi kompyuta?" na hapo nakumbuka, juzi jirani alikuja kumjulia hali, "Mzee, hujambo?" nami nikajibu hajambo, anakula vizuri, amechoka tu, na Baba akagonga kikombe mezani, chai ikamwagika, nikasema unaona, amechoka, nikamfuta mkono, na wiki ile nyingine alionyesha dirisha nikasema Baba anataka lifungwe, nikalifunga, akaonyesha tena, nikavuta na pazia, akaniangalia tu, mchana wa joto ule, jasho linamtoka, akaniangalia mpaka akachoka, akalala... na dirisha, lo, alitaka lifunguliwe lote, alitaka upepo tu, sentensi zake zote nimezimalizia mimi, amebaki na kidole kimoja, na kwa kidole hicho ametafuta mahali ambapo mdomo wangu haufiki, akafunga mlango, akatupa ufunguo... "Mama bibi harusi? Umesikia?" nini, "Nimesema imekubali, faili imekwenda, ikitoka utaipitia hapahapa? Kalamu hii," ananinyooshea kalamu, ananijua, nasema ikitoka usiigeuze, "Nini?" usiigeuze, usiisome, na mimi usinipe niisome, itie kwenye bahasha uibandike, ananitazama kama mtu aliyeambiwa mvua inapanda juu, "Sasa kesho nani atasoma, wewe au mimi au nani?" na jibu liko tayari mdomoni, kama kawaida yake, limeshavaa viatu, nalishika, nalirudisha, "Sijui," nasema, "nitamuuliza Baba," na ukutani sauti ya mhasibu, "Bosi, taa inawakawaka tu, haitoi kitu!" naye anaguna, anaisogelea kompyuta, anaanza upya kuandika amri yake, na mimi nasema tena, safari hii si kwake, nitamuuliza, halafu nitanyamaza mpaka ajibu.