Uzoefu wa Mbeba Mkoba

Fomu ya kugombea umeya ilikuwa na kurasa nne. Jina niliandika. Umri niliandika, nikapunguza miaka miwili, kisha nikairudisha maana mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Elimu niliandika darasa la saba, haikuchukua nafasi. Nikafika penye "Uzoefu wa uongozi", mistari kumi na miwili mitupu, nikainua kalamu.

"Mama watoto, hapa niweke nini?"

"Weka ukweli."

Nikaandika: Mume wa meya, miaka kumi. Ikabaki mistari kumi na mmoja.

Meya mwenyewe ndiye huyo aliyesimama nyuma yangu. Vipindi vyake viwili vilikuwa vinaisha na sheria haina cha tatu. Aliyejiandaa kumrithi ni naibu wake, ambaye mji mzima ulimwita Msomi kwa sababu hakuweza kukuomba chumvi bila kutaja chuo alichosomea. Baadhi ya wazee wa chama hawakumtaka. Wakanifuata mimi nikiwa nimelala chini ya sinki la mtu, wakazungumza na miguu yangu. Walisema jina la nyumbani kwangu tayari liko kwenye kuta zote, sasa rangi ya kuandika jingine ya nini?

Mimi ni fundi bomba. Nilikuwa fundi kabla sijaoa, na siku mke wangu anaapishwa nilikuwa na grisi kwenye kucha. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeniita fundi. Niliitwa mume wa meya, na nikishageuka, Bwana Mkoba, kwa sababu kwenye kila sherehe nilisimama hatua mbili nyuma ya mheshimiwa nimemshikia mkoba wake. Mtu ananiita nikamzibie bomba, nikifika bomba zima, anachotaka ni nimpelekee mke wangu barua ya kiwanja. Kwa hiyo wazee waliposema nigombee, nilitoka chini ya lile sinki kwa haraka mpaka nikajigonga kichwa. Niliutaka umeya, sifichi. Nilitaka kuitwa kitu kisichoanza na "mume wa".

Msomi alipopata habari akaenda redioni. "Ndugu wasikilizaji, mke wa rubani amekaa na rubani miaka kumi. Leo rubani amestaafu, mke ameshika usukani. Nani kati yenu anapanda hiyo ndege?"

Watu wa redio wakanipigia simu nijibu. "Ndege sizijui," nikasema. "Ninachojua, mume wa mpishi ndiye wa kwanza kugundua mchuzi umeungua, na hakuna anayemuuliza."

Mke wangu akazima redio. "Mpishi gani huyo aliyeunguza mchuzi?"

"Ni mfano tu, Mheshimiwa." Nyumbani namwita Mheshimiwa nikiwa nimeharibu.

Siku ya usaili ikafika. Kwenye korido ya ofisi ya chama kuna benchi la mbao ambalo wake na waume wa wakubwa hungojea. Nalijua benchi lile kuliko kitanda changu. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, nikaupachika kipande cha mpira mimi mwenyewe baada ya kuyumba mwaka mzima. Siku hiyo nilitoka moja kwa moja kwenye bomba lililopasuka, kwa hiyo aliyekaa pale alikuwa meya, nguo zake za kikao mwilini na mkoba wangu wa spana mapajani. Karani akapita na sinia la chai. Akampita kama anavyopita ukuta.

"Hawatoi chai hapa?" mke wangu akauliza.

"Chai ni ya wanaoingia ndani," nikamwambia. "Kaa tu, utazoea."

Ndani walikuwa watatu: mwenyekiti wa chama, katibu, na mama mmoja mwalimu mstaafu, miwani yake imefungwa uzi shingoni.

"Tumesoma fomu yako," mwenyekiti akaanza. "Haikutuchosha. Hiyo miaka kumi, bwana, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilibeba mkoba."

Katibu alicheka mpaka akashika meza. Mwalimu hakucheka. "Ndani ya mkoba mlikuwa na nini?"

"Viatu vya chini, maana vile virefu vinamuumiza baada ya nusu saa. Miwani ya akiba. Dawa ya kichwa, hiyo ni ya vikao vya bajeti. Na hotuba mbili."

"Mbili za nini?"

"Moja ndefu, moja fupi. Akiwa anasalimiana mlangoni, mimi naangalia ukumbi. Watu wakiwa wameegemea viti, nampa ndefu. Wakiwa wamekunja mikono, nampa fupi, tena naweka viatu vya chini tayari."

"Na yeye anachagua ipi?"

"Anasoma anayopewa."

Mwenyekiti akaacha kutabasamu, akaandika kitu. Nikaona mambo yanakwenda vizuri. Ndipo mwalimu akavaa miwani.

"Choo cha soko," akasema. "Mchoro wa kwanza ulipitishwa na naibu meya. Nimeuona. Baadaye kuna mtu aliubadilisha kwa penseli, ndio ukajengwa. Unamjua mtu huyo?"

Choo cha soko ndicho kitu ambacho hata wapinzani wa mke wangu humsifia. Miaka sita hakijaziba hata siku moja, na ukutani kuna jiwe la uzinduzi lenye jina lake. Mtu aliyeshika penseli ni mimi. Ilikuwa Jumapili mchana, mke wangu kalala, mchoro uko mezani. Nikautazama nikipita, nikarudi. Bomba la maji taka lilikuwa limechorwa kupanda mlima. Sasa maji hayajasoma chuo, yanachojua ni kushuka. Penseli ilikuwa palepale. Nikaligeuza bomba, nikaandika vipimo vya mteremko, nikaenda zangu. Jumatatu akatia sahihi. Sikumwambia, naye hakuuliza.

Neno moja tu, "mimi", lingemmaliza Msomi na kuijaza ile mistari kumi na mmoja. Lakini neno hilohilo lingesema kwamba meya alitia sahihi mchoro uliochorwachorwa na mumewe bila ruhusa ya mtu. Wangesema mji uliendeshwa na Bwana Mkoba. Kazi ya mke wangu ya miaka kumi ingevujia kwenye tundu hilo moja.

"Muulizeni aliyetia sahihi," nikasema.

"Hilo ndilo jibu lako?"

"Ndilo."

"Basi tuandike uzoefu wako ni mkoba."

"Na benchi la koridoni," nikasema. "Mguu mmoja ni kazi yangu."

Nilipotoka, mke wangu hakungoja hata nikae. "Umewaambia ya choo?"

"Choo gani?"

"Baba watoto, usinitanie."

Nikamtazama. "Si ulikuwa umelala?"

"Nani atalala mchana na vishindo vyako? Mchoro niliuweka mezani mwenyewe. Penseli niliichonga mwenyewe. Ule mchoro haukuniingia akilini, na nilikuwa na fundi nyumbani. Ningekuuliza mbele za watu, wangesema nyumba ndiyo inayotawala mji. Jumatatu nikampelekea mhandisi mwingine, akasema sasa umenyooka, nikatia sahihi."

Nikakaa. Benchi halikuyumba. "Miaka sita nimeibeba siri ambayo ni yako?"

"Nawe uliibeba vizuri."

"Mbona hukunishukuru?"

"Ungejisifu."

Kweli, ningejisifu.

"Basi ningesema na ningeshinda," nikasema.

"Ungeshinda." Akautazama mlango aliopitia karani na chai. "Ila mimi ndiye ningekaa hapa miaka mitano. Nimekaa saa moja tu, mume wangu, nimeanza kuhesabu misumari."

"Ni kumi na minne," nikamwambia.

Walimchagua Msomi, kura mbili kwa moja. Barua yangu ilisema uzoefu hautoshi. Uchaguzi akashinda, akaapishwa, na mkewe akasimama hatua mbili nyuma. Mikono yake ilikuwa mitupu. Mkoba aliushika Msomi mwenyewe, na viatu vya chini havikuwamo maana nilimwona mama wa watu anachechemea.

Wiki ya tatu nikiwa uani nabadilisha koki, nikasikia mlangoni: "Hodi, fundi!"

Nilidhani ni jirani. Alikuwa meya mpya, hana dereva, kakumbatia karatasi ndefu iliyokunjwa.

"Dada yako yuko ndani," nikasema. "Ila amestaafu."

"Sikumfuata yeye, shemeji. Nimekufuata wewe. Ni mabomba ya shule mpya. Nitazamie tu mara moja, haya maji hayapandi mlima?"

"Chuo kinasemaje?"

"Fundi, tafadhali. Usinianze."

Nikamwingiza sebuleni. "Weka mezani."

Akauweka, akaunyoosha kwa viganja. Halafu akatoa mfukoni penseli iliyochongwa vizuri na kuilaza juu ya mchoro, akawa anatazama dari. Chumbani mke wangu akakohoa. Nikajua ushauri kautoa nani.

Nikamrudishia Msomi penseli yake, nikaenda kutafuta kalamu ya wino.