Miguu ya Wifi

Watoto wa Makambako walikuwa na kitendawili chao mwaka ule, na bibi zao hawakukijua. Nikivuka mlango, nyumba inabomoka nyuma yangu. Bibi angetaja moto, angetaja mchwa, angegawa miji yote kuanzia Iringa mpaka Songea na bado asipate. Jibu lilikuwa gemu ya jogoo, bandani kwa Kheri.

Kheri aliletewa mashine hiyo kutoka Dubai, miaka ile mipaka ilipofunguliwa kwa biashara na kila kitu kikaingia, kuanzia redio mpaka ndala za plastiki. Akaweka televisheni moja juu ya meza, kreti za soda zikawa viti. Jogoo mwenye buti alikimbia kuelekea kulia. Kulia tu. Kioo kilimfuata, na chochote kilichopitwa upande wa kushoto kilikuwa kimekwisha: daraja, mti, hata punje ya mahindi aliyoisahau. Akijaribu kurudi anajigonga ukingoni kama nzi dirishani. Kitufe cha kuruka ukikigusa anaruka kidogo, ukikikandamiza anapaa. Lakini asipokimbia kwanza hafiki ng'ambo, anatumbukia shimoni. Konokono wenye miba ukiwatulia juu wanapasuka, wakikugusa ubavuni unakufa wewe. Pembeni juu yalikaa mayai matatu, ndiyo maisha yake. Jogoo mwenye mayai, jambo hilo hata Kheri alishindwa kulieleza. Na mashine haikuwa na kumbukumbu. Umeme ukikatika ukiwa steji ya saba, unaanza moja kama mtu ambaye hajazaliwa.

Msichana aliyekaa kwenye kreti zile alikuwa mmoja, Nasma, wa darasa la sita, mdogo wake Badru mwenye malori mawili. Alikaa kwa kaka yake na wifi yake Rehana, na Rehana alikuwa na mimba ya miezi minane.

Jumamosi moja, mchana wa baridi ya Julai, Nasma alifika steji ya nane. Hakuna aliyewahi kuiona. Na palepale akakumbuka mafuta ya taa aliyotumwa tangu asubuhi.

"Isimamishe, nitailinda," Kheri alimwambia. "Lakini umeme siuahidi. Ule una mwenyewe."

Nasma alikimbia nyumbani na kopo la mafuta, akapitia uani, akaliweka jikoni. Njia fupi ya kurudi bandani ilikuwa mlango wa mbele. Mlangoni hapo Rehana alikuwa ameketi juu ya mkeka akiota jua, amenyoosha miguu yake iliyovimba, imeziba njia yote. Nasma hakupunguza mwendo. Aliruka. Akatua nje, safi kabisa.

"Nasma," Rehana alisema. "Rudi uniruke."

Kila mtu anajua hili. Ukimruka mtu miguu umemfunga. Mtoto hatakua, mwenye safari hatafika. Kumfungua si kazi kubwa, unamruka tena kutoka ulikotua kwenda ulikotoka, mnacheka, yamekwisha. Lakini lazima uwe wewe uliyeruka.

"Wifi, nikirudi jogoo atakufa."

"Na mimi ni kuku wa nani? Rudi hapa, we mtoto. Mwenzio nina mtu tumboni."

"Jogoo harudi nyuma," Nasma alisema akicheka, akashika njia.

Alicheza steji ya nane kwa muda wa kuhesabu hamsini, umeme ukakatika. Wavulana wakamcheka. Akabaki anabishana nao, mara akae, mara asimame, akingoja umeme urudi. Hata aliposhika njia ya nyumbani, adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha zamani.

Mkeka ulikuwa bado mlangoni, umelowa. Ndala moja ya Rehana ilikuwa uani, nyingine haikuonekana. Mama Efraimu, jirani yao, Mbena wa Kifanya huko Njombe, alikuwa ameinama anamwaga maji na kusugua.

"Wifi yuko wapi?"

"Chupa imepasuka saa nane. Badru kamkimbiza Njombe kwa gari la mtu." Mama Efraimu aliendelea kusugua. "Mapema hivi, mwezi mzima bado. Alikuwa analia, anataja jina lako. Kuna kitu mlifanya?"

"Nilimruka tu."

Mkono wa Mama Efraimu ukasimama juu ya mkeka. "Ukarudi?"

Nasma alitazama ile ndala moja. "Nilirudi."

"Basi Mungu atasaidia," Mama Efraimu alisema, akaendelea.

Kuna mgeni akiingia nyumbani kwako havui viatu, hangoji kukaribishwa, na anakaa palepale unapolala. Huyo ni hofu. Ilimwingia Nasma kwa lile neno moja, nilirudi, na ikajifungia mlango kwa ndani. Sasa hangeweza kumwambia mtu. Angemwambiaje mtu kwamba amemfunga wifi yake, halafu amedanganya?

Mama Efraimu alimpa furushi la kanga na vitambaa vya mtoto, ambavyo Badru katika haraka zake alivisahau. "Marcelino anashuka Njombe kupakia viazi. Nenda naye, umpe kaka yako."

Marcelino, dereva wa Badru, alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku ile alinyamaza. Hilo nalo likamtisha Nasma. Lori tupu lilirukaruka juu ya lami. Ukungu ukashuka, mashamba ya miti ya miwati yakawa yanatokea ghafla upande huu na kumezwa upande ule. Nasma aligeuka kutazama nyuma na hakuona kitu. Hapakuwa na barabara, hapakuwa na Makambako.

"Mbona unageuka geuka?" Marcelino aliuliza.

"Natazama kama kipo."

"Kitu gani?"

"Kule tulikotoka."

Marcelino alimtupia jicho. "Kitakwenda wapi?" Akabadili gia. Kisha akasema polepole, kama anayejisemea, "Mke wangu wa kwanza alitangulia hivyohivyo. Mimba ya miezi minane."

Alitangulia. Nasma alilikumbatia furushi mpaka vidole vikafa ganzi. Alijaribu kuomba dua, kila alipofika katikati ikampotea, akaanza tena mwanzo. Alifikiri, Rehana hana mayai matatu. Ana moja tu, na ndani yake kuna jingine.

Walifika hospitali jua likizama. Badru alikuwa kwenye benchi la nje ya wodi ya wazazi, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nasma hakuwahi kumwona kaka yake kichwa wazi mbele za watu. Alimpa furushi. Badru alilipokea, akalipeleka mlangoni, akarudi kuketi bila kumuuliza amekuja na nani.

"Kaka."

"Mm."

"Wifi nilimruka."

Badru alimgeukia. Nasma alisubiri kofi, na kama lingekuja angelipokea kama maji ya kunywa. Badru alikuwa mtu wa msikitini, mwenye kuwacheka waliofunga hirizi kwenye malori yao.

"Ukarudi?" akauliza, na sauti yake ilitetemeka.

Hapo ndipo Nasma alipoogopa kweli. Mtu mzima akiogopa unachokiogopa wewe, umebaki na nani? Alitikisa kichwa. Hapana.

Mlango ukafunguka. Nesi mnene, mwenye miwani na kibao cha jina kilichoandikwa Eveline, alitoa kichwa. "Nasma ni nani hapa?"

Badru akamnyooshea kidole mdogo wake.

"Huyu? Mimi nilidhani ni mtu mzima, kumbe kifaranga. Njoo." Akamgeukia Badru. "Watoto hawaruhusiwi humu, lakini mkeo ananichosha. Tangu amefika anajibana kama aliyefungwa kamba. Namwambia sukuma, ananiambia hasukumi mpaka Nasma aje. Mtoto anachoka kule ndani, baba. Akichoka zaidi, sijui."

Vitanda vilikuwa vimejaa. Rehana alilala kwenye godoro la chini, kando ya ukuta, uso umelowa jasho katika baridi ile, midomo imekauka. Alipomwona Nasma alifumba macho, akayafumbua.

"Umekuja na miguu?"

"Nimekuja nayo, wifi."

"Ulianzia mguu wangu wa kushoto ukatokea wa kulia. Sasa anzia wa kulia."

Mguu wa kulia ulikuwa upande wa ukuta. Kati ya godoro na ukuta palibaki nafasi ya unyayo mmoja, na nusu yake ilikaliwa na ndoo. Nasma alijipenyeza, mgongo ukagusa saruji iliyokuwa baridi kama jiwe la mtoni. Hapakuwa na mahali pa kukimbilia. Alijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote Makambako: bila mbio, hufiki ng'ambo. Vidole vyake vilikuwa vimeruka mara elfu. Miguu hii, hakuwahi kuiuliza.

Na iligoma. Akimkanyaga? Akiangukia lile tumbo?

"Siwezi, wifi. Nitakuangukia."

"Usiniguse tu kama wale konokono wako," Rehana alisema kwa shida, meno yamebana. Uchungu ulimshika, akaukamata ukingo wa godoro, ukapita. "Nasma. Sijakukasirikia. Mimi ninaogopa. Ruka mama, niweze kuzaa."

Nesi Eveline aliwageuzia mgongo. Aliinamia meza yake akawa anaandika kwa bidii kwenye faili.

Nasma alichutama mpaka chini, makalio yakagonga ukuta. Akausukuma ukuta kwa viganja vyote viwili. Aliruka kama chura, si kama jogoo. Kisigino kilipita juu ya goti la Rehana kwa unene wa kanga. Akatua kwa mikono na magoti kwenye sakafu, ngozi ikachubuka.

Hapakulia muziki. Hakuna kilichowaka pembeni juu. Rehana alishusha pumzi ndefu mno, mabega yakalegea, kisha akalia kilio ambacho Nasma hakuwahi kukisikia kwa mtu, na nesi akamshika Nasma mkono na kumtoa nje.

Waliketi kwenye benchi, yeye na Badru. Nasma alidhani akisharuka hofu itatoka, kumbe ilisogea tu ikampisha kaka yake nafasi. Vilio vilikuja vikaenda. Kisha vikanyamaza, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko vilio. Badru alianza kusoma dua kwa sauti ya chini. Ilipompotea katikati, Nasma ndiye aliyemkumbusha neno.

Nesi alitoka akijifuta mikono. "Wa kike. Mdogo kama paka, lakini ana kelele."

Badru alifunika uso kwa kofia. Nasma ndiye aliyeuliza.

"Na mama yake?"

"Mzima. Amechoka."

"Mzima kweli?"

"Nimesema mzima."

Lakini Nasma mwenyewe alikuwa amesema neno moja leo, mchana, kwa uso mkavu vilevile. Alijua jinsi lilivyo jepesi. "Naomba nimsikie," akasema. "Sitaingia."

Nesi Eveline alimtazama juu ya miwani yake, akausukuma mlango ukabaki wazi kidogo. Kisha ikaja sauti iliyokwaruza, ya mtu aliyelia sana, inalalamika.

"Sista, hii ni chai au maji ya kuoshea vikombe? Wabena sukari mnamfichia nani?"

"Wewe umesema mumeo ana malori mawili Makambako," nesi alijibu bila kugeuka, "na hakuleta hata kijiko."

Ndipo Nasma alipolia.