Mgomba wa Ephraim

Redio ya bibi mwenye shamba, Gogo MaNgubane, ilitangaza tangu Septemba mosi kwamba baridi imekwisha na machipuko yameingia. Redio ni redio, haitoki nje. Mwezi ukakatika, ukaingia wa kumi, na katika bonde lile nyuma ya vilima vya Durban nyasi bado zilikuwa na rangi ya mkeka mkuukuu, mvua hakuna, na asubuhi ukitia kidole kwenye ndoo iliyolala nje unakichomoa upesi. Huko mjini, Albert Park, watu walikwisha kuvua makoti. Bondeni Coletha alikuwa bado anakata nyasi za kufunikia mgomba.

Alizikata kando ya kijito, akazibeba kichwani, akazimwaga juu ya rundo ambalo sasa lilimfika kifuani. Kisha alichota maji akalimwagia, asije aliye chini akaona kiu. Chini ya rundo palikuwa na mgomba, au kilichokuwa mgomba. Ubavuni mwa mgomba, ndani ya ardhi, alilala mwanawe Ephraim.

Ukimkuta mtu anabembeleza shina lililokufa utasema amerukwa na akili, na wapo waliosema. Basi tuanze mwanzo.

Coletha na mumewe Gosbert ni watu wa Bukoba. Durban walikaa miaka kadhaa katika chumba cha ghorofani, nusu yao na nusu ya familia ya Kikongo, pazia katikati. Gosbert alikuwa kinyozi. Alipozaliwa Ephraim, Gosbert alisema mtoto wa Kihaya hawezi kukulia ghorofa ya tisa, mahali ambapo ukitupa mbegu ya papai inamwangukia polisi kichwani. Akatafuta shamba mpaka akampata MaNgubane, mjane wa Kizulu ambaye watoto wake wote wamehamia Johannesburg. Mama huyo aliwapa kijumba cha pembeni na bonde lake walime mchicha na matembele ya kuwauzia Wakongo wa mjini. Kabla hajagusa mchicha, Gosbert alikwenda Cato Manor kuomba machipukizi ya migomba kwenye ua wa mtu, maana Cato Manor mgomba huota hata jalalani na hukaa kijani mwaka mzima. Mawili aliyapanda juu, karibu na zizi la mbuzi, kwa kuwa yalizidi. Mengine yote aliyashusha chini kabisa bondeni, penye udongo mweusi na maji karibu.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu aliyezaliwa mahali pasipojua baridi kali. Hakujua kwamba baridi nayo huteremka kama maji, ikajaa bondeni na kulala humo. MaNgubane alimwonya: "Huko chini kunauma, mwanangu." Gosbert akatabasamu kwa adabu. Wahaya wanajulikana. Mhaya umfundishe mambo ya migomba?

Usiku mmoja wa Julai baridi ilishuka kweli. Ephraim alikuwa na miezi minane, kifua kilimbana, dawa za zahanati ziko mezani. Coletha alikesha naye kifuani. Karibu na alfajiri alimlaza, akamfunika kitenge na blanketi juu yake, na usingizi ukamwiba. Alipoamka blanketi lilikuwa sakafuni. Mtoto alibaki na kitenge peke yake, kimemfunika mpaka usoni. Coletha akakifunua.

Nesi alieleza kwa upole kwamba ni mapafu, kwamba hata angemfunika mablanketi kumi isingesaidia kitu. Katika maneno yote hayo Coletha aliondoka na moja tu: angemfunika.

Asubuhi hiyohiyo bonde lilikuwa jeupe kama limemwagiwa chumvi, na migomba yote imegeuka myeusi, majani yananing'inia kama mboga iliyochemshwa.

Kwao Bukoba mtu huzikwa kibanjani, kati ya migomba, walio hai wapite karibu naye kila siku. Kuzikwa nje ya kibanja ni kutupwa. MaNgubane alilielewa jambo hilo bila kuelezwa, maana Wazulu nao hulaza wafu wao nyumbani, akawaombea ruhusa kwa mkuu wa eneo. Walimzika Ephraim ubavuni mwa mgomba mkubwa kuliko yote. Gosbert, mwanamume aliyezoea kuwa na jawabu, akasema mbele ya kaburi: "Mgomba haufi. Mzizi uko hai. Utachipua, na mtoto atakuwa na kivuli."

"Usipochipua?" Coletha aliuliza.

"Utachipua."

"Usipochipua, ardhi hii imemkataa. Mvua ya kwanza ikinyesha na hakuna chipukizi, nitamchimbua kwa mikono yangu nimpeleke nyumbani."

Gosbert akapiga hesabu moyoni. Ampeleke kwa njia gani, mipaka yote ile, na kibali cha nani? Lakini alimjua mkewe. Siku ya pili alilihamisha jembe kutoka uvunguni, akalificha kwa MaNgubane, matuta akawa anayapalilia kwa mikono. Na tangu siku ile aliacha kumwita Mama Ephraim. Alimwita Coletha, kama mtu asiyejua tena ni jina gani lisilouma.

Basi baridi ile ikakataa kuondoka. Wenye mifugo wote waliomba mvua. MaNgubane aliomba mvua, kanisani waliomba mvua, na Coletha peke yake, akiwa amepiga magoti kati yao, aliomba isinyeshe. Aliiogopa mvua kama mshitakiwa anavyoiogopa siku ya hukumu. Kila wingu lilipotokea juu ya kilima alishika mundu akaenda kukata nyasi. Mama yake alimlea kwa msemo kwamba kibanja kisichotandazwa nyasi ni cha mvivu. Sasa alitandaza. Angemfunika? Haya, alikuwa anamfunika.

Marcelline, Mkongo wa Uvira aliyekuja na gari kuchukua mboga, alimkuta rundoni akashika kiuno.

"Mama Ephraim, weye, hii iko kazi gani? Hii banane ilishakufa."

"Haijafa. Inalala."

"Eish. Ule mtoto iko kwa Mungu, dada, haiko kwa migomba. Kuja na mie Albert Park, nafasi iko. Huku chagrin, hii huzuni, itakumaliza."

"Ahsante, Mama. Mchicha umefungwa, uko pale kivulini."

Marcelline akapakia mchicha wake huku akinung'unika. Alipokuwa anaingia garini alitazama angani, akasema kwa furaha ya mtu asiye na hatia: "Heri, mvua inakuja."

Kweli ilikuwa inakuja. Upande wa milimani palikuwa pameweka giza, na upepo ulikuwa umegeuka. Coletha alikimbilia nyumbani akainama uvunguni, jembe hakuna. Akatafuta nyuma ya mlango, bandani, kila mahali. Alimkuta Gosbert kwenye matuta ya matembele.

"Jembe liko wapi?"

"Coletha, kaa kwanza chini."

"Nimekaa tangu Julai. Jembe liko wapi?"

Gosbert alitazama kando, na macho yake yakamsaliti, yalikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya MaNgubane. Coletha alikwisha kuondoka. Gosbert akamfuata nyuma akiwa na udongo mikononi. Moyoni alijua kwamba akimwona mkewe anachimba pale, yeye naye kwisha habari yake.

MaNgubane alikuwa mlangoni, jembe limeegemezwa ukutani nyuma yake. Bibi yule hakujifanya hajui. Alisema, kwa Kizulu cha taratibu alichokitumia akiongea nao: "Nitakupa. Sitamzuia mama na mwanawe. Ila njoo kwanza nikuonyeshe kitu, kisha uchukue."

Akamwongoza mpaka zizi la mbuzi. Ile migomba miwili iliyopandwa kwa kuwa ilizidi ilikuwa imesimama pale, miguu peku. Hakuna aliyewahi kuitandazia hata unyasi mmoja. Kilichoanguka karibu mbuzi walikila. Shina la zamani la mmoja lilikuwa limekauka. Na kando yake, kutoka kwenye udongo mtupu uliopasuka kwa jua, chipukizi lilikuwa limetoka, limekunjika kama sigara, kijani.

Coletha alilitazama mpaka machozi yakamchuruzika, na hayakuwa ya shukrani. Yalikuwa ya hasira.

"Huu hauna mtu," alisema. "Hauna mtu chini yake, hakuna aliyeukatia nyasi, hakuna aliyeuombea. Ndio umechipua. Wangu hapana. Mungu gani huyu?"

"Mungu si Athumani," alisema Gosbert nyuma yake. Ndiyo methali pekee aliyoikumbuka, na aliposikia inavyosikika mbele ya uso ule, akatamani angenyamaza.

MaNgubane aliwarudisha mlangoni. Alichukua jembe, akamshika Coletha mkono kwa mkono wake mwingine, wakashuka bondeni wote watatu. Kwenye rundo bibi akasimama.

"Ingiza mkono," alisema. "Ndani kabisa, mpaka chini."

Coletha aliingiza mkono mpaka kwapani. Juu nyasi zilikuwa kavu, zina uvuguvugu wa mchana. Katikati zilikuwa mbichi. Chini kabisa, kwenye udongo wenyewe, vidole vyake vilikuta baridi. Siyo ya leo. Ilikuwa ileile ya Julai, ameitunza humo siku zote, anaimwagilia maji, anaiongezea kifuniko isije ikatoka. Na ngozi yake ikaikumbuka. Ndiyo baridi aliyoigusa asubuhi ile alipokifunua kitenge.

"Jua lingempitia wapi?" MaNgubane aliuliza kwa upole.

Coletha alitoa sauti ambayo Gosbert hakuwahi kuisikia, hata siku ya mazishi. Akalivamia rundo. Alizing'oa nyasi kwa mikono miwili, akazitupa nyuma yake, kichwani, popote. "Nimemgandisha mwanangu," alisema. "Mara ya kwanza sikumfunika, mara hii nimemfunika mpaka nimemgandisha. Mama gani mimi." Gosbert alipiga magoti upande wa pili akazoa naye. MaNgubane alishika jembe tu, akangoja.

Shina la zamani walilikuta limeoza na kulegea, jeusi, linanuka. La kuvunda halina ubani. Gosbert akalikata vipande kwa mundu, akavitupa mbali, na kila kipande kilipokwenda Coletha aliona ndiyo basi. Matone ya kwanza yakaanza kuanguka, mazito, moja begani, moja mkononi. Mvua ya kwanza. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, apewe jembe.

"Subiri," alisema Gosbert. "Mama Ephraim. Subiri."

Alikuwa ameinama mpaka pua inagusa udongo. Upande wa kaburi, chini ya tabaka la mwisho la nyasi zilizooza, kitu kama kidole kilikuwa kimetoka ardhini. Kilikuwa cheupe, hakina hata chembe ya kijani. Kilikuwa kimeinuka, kikagota kwenye uzito wa nyasi, kikajipinda na kutambaa ubavuni kikitafuta pa kutokea. Hawakujua kimetambaa hivyo kwa muda gani. Coletha alikigusa kwa ncha ya kidole. Kilikuwa kigumu, kina uhai.

Hakufurahi. Atakayekwambia alifurahi anakudanganya. Alikuwa anafikiri jinsi kilivyosukuma gizani huku yeye juu anaongeza mzigo.

Mvua ilinyesha alasiri yote, nyembamba na ya baridi. Jioni ikakatika, mawingu yakafunguka, na redio ikasema milimani theluji imeanguka, mabondeni watu wajihadhari. MaNgubane alikuja amejifunika shali, akampa Coletha kanuni yake yote, nayo ni fupi: "Jioni mfunike kwa nguo nyepesi. Asubuhi, jua likitoka, mfunue. Usikose hata moja."

Nguo nyepesi nyumbani ilikuwa moja. Coletha alikitoa kitenge sandukuni, akashuka nacho bondeni, akachomeka vijiti vinne na kukitandika juu ya kile kidole cheupe. Kumfunika haikuwa shida. Kumfunika alikuwa hodari.

Shida ilikuwa asubuhi. Jua lilipochungulia juu ya kilima, bonde lilikuwa jeupe tena kama limemwagiwa chumvi. Coletha alisimama mbele ya kitenge kilichokakamaa kwa baridi, na mikono ikakataa. Alisimama mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Gosbert alikuwa nyuma yake.

"Nikufunulie mimi?" aliuliza.

Coletha alitikisa kichwa. "Ile asubuhi nilikuwa peke yangu," alisema. "Leo wewe simama hapo tu."

Akainama. Akashika pindo kwa vidole viwili. Alifumba macho, akaona hapana, akayafumbua, maana mama hawezi kulifanya jambo hili akiwa amefumba macho. Akakifunua.

Kilikuwa pale. Bado kimepinda, na ncha, pale ilipoupata mwanga wa jana, imeanza kushika rangi, si kijani hasa, manjano ya embe linaloanza kuiva. Jua likakifikia taratibu kutoka ubavuni, likakigusa, likapita likaangukia kaburi.

"Umeamka, baba," Coletha alisema, akapiga magoti. Alilia pale chini kilio ambacho Julai hakikupata njia ya kutoka, Gosbert amemshika mabega naye analia, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Baadaye akainuka. Alikikung'uta kitenge barafu yake, akapanda nacho nyumbani akakianika kwenye kamba, kikauke kabla ya jioni.