Kenani Alipocheza Mlevi

Mimi sikutaka mume wangu acheze mlevi, na nilimwambia Mwalimu Angetile usoni. Mtu ameacha pombe miezi mitano tu, halafu unampa chungu na mrija akaigize? Mwalimu akacheka. "Mama, hapa Lyulilo nani anaujua ulevi kumshinda Kenani?" Hapo akaniweza.

Tangu wanunuzi binafsi wa kakao waanze kuja na mizani zao, pesa ya kila gunia letu ilikuwa inaishia kwa Hosiana, mpika kimpumu, pombe yetu ya ulezi inayonywewa chunguni kwa mrija. Ndipo vijana wawili wakazama ziwani wamelewa, na Mwalimu akaanzisha kikundi cha maigizo. Aliwachukua hasa waliokuwa wanapambana kuacha. Wakitunga, wakiimba, wakizomeana makosa yao wenyewe. Kenani akapata pa kwenda jioni. Nisiwe mnafiki, nilifurahi sana. Alianza kula ugali wangu ukiwa wa moto, tena akausifia.

Basi Jumamosi ya soko wakacheza uwanjani. Watu wakajaa duara zima. Mstari wa mbele, kwenye kiti, aliketi Mzee Ambilikile, baba mkwe wangu. Mimi nikajibanza pembeni, nyuma ya lundo la vyungu vya kuuza. Kwetu mke hakutani na baba mkwe. Ukimwona njiani unaingia migombani mpaka apite. Miaka kumi na minne ya ndoa, yule mzee hajawahi kunisemesha hata neno moja.

Kosa lenyewe lilitokana na wema. Mwalimu alituma mtu kwa Hosiana kuazima chungu na mrija, bila kusema ni vya nini. Hosiana naye, mwanamke wa adabu zake, ataanzaje kutoa chungu kikavu? Akakijaza kimpumu, akakimiminia maji ya moto kama inavyotakiwa, akakifunika vizuri.

Kenani akaingia akiyumba, watu hoi kwa kicheko. Alikuwa anaigiza vizuri mpaka nikaona aibu, maana ndivyo alivyokuwa akirudi nyumbani. Akaketi, akafunua chungu, akavuta mrija. Mashavu yakajaa, yakabaki hivyo hivyo. Nikauona mvuke. Mazoezini walikuwa wanatumia maji ya ziwa, baridi. Kile kilikuwa kimpumu cha kweli.

Akatema. Watu wakazidi kucheka, wakidhani ni mchezo. Lakini mrija hakuuachia. Kichwa kikaanza kuinama tena taratibu.

"Keziya," akaita. Jina langu halimo kwenye mchezo. "Keziya, njoo ukiondoe. Mimi siwezi."

Kicheko kikakatika. Duara lilikuwa limebanana, na upenyo ulikuwa mmoja tu, hatua mbili mbele ya kiti cha baba mkwe. Nikabaki nimesimama nyuma ya vyungu kama mjinga, nimeng'ang'ania khanga. Nikipita, nimemvunjia mzee heshima mbele ya soko zima. Nisipopita, mume wangu anarudi kule alikotoka, na safari hii sijui kama angetoka tena. Nilijichukia.

Mzee Ambilikile akainuka. Nikajua anaondoka kwa hasira. Kumbe anashika kiti. Akakigeuza, akakielekeza ziwani, akaketi ameupa mgongo mchezo wa mwanawe.

"Pita, mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Mimi sioni kitu."

Nikapita. Nikamtoa Kenani mrija vidoleni, kimoja kimoja vile vidole, maana vilikuwa vimekaza. Nikakibeba chungu kilivyo cha moto, nikakimwaga chote mchangani. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Hosiana.

"Ndaga fijo," nikasema, nikiuangalia mgongo wa mzee. Asante sana, kwa lugha yetu. Hakugeuka. Lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mwanawe akaenda kupiga magoti mbele yake.